Kutoa presha iliyojaa tumboni mwa injini ya zamani: mwongozo kamili, kuanzia mpira hadi kipimo cha kompresheni

Mtu anashusha giaboksi ili abadilishe sili ya nyuma ya kreki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), anamlipa fundi, anaosha sakafu ya kibanda chake cha gari, na kabla miezi mitatu haijaisha oili imerudi kudondoka palepale. Anailaumu sili kuwa ni feki, ananunua nyingine ya bei kubwa, na hiyo nayo inavuja. Maswali ya namna hii yamekuwa mengi kutoka kwa wenye magari ya miaka ya 1990, na mengi yana chanzo kimoja: sili imebadilishwa, lakini presha iliyoisukuma ile ya kwanza imeachwa ndani ya injini.

Mimi mwenyewe nimelipia kosa hilo mara mbili, kwenye Corolla yenye injini ya 5A. Mara ya tatu nilichomoa mpira mmoja mfupi nyuma ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), nikaukata kwa kisu kwa urefu wake. Ndani ulikuwa umejaa kitu cheusi kama lami, na tundu lililobaki katikati lisingepitisha njiti ya kiberiti. Mpira huo ulikuwa wa bei ndogo kuliko nauli yangu ya kwenda dukani kuununua.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata injini za Toyota za familia ya A, yaani 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, zilizomo katika Corolla nyingi za AE100 na AE110 na ndugu zake. Injini nyingine za petroli za kizazi hicho hufuata kanuni hiyohiyo, ingawa vali na mipira yake huweza kukaa mahali tofauti.

## Presha inatoka wapi, na inapaswa kutokea wapi

Hakuna pistoni ringi (pete inayoizunguka pistoni) inayoziba kwa asilimia mia moja, hata injini ikiwa mpya. Kila mchanganyiko unapolipuka juu ya pistoni, sehemu ndogo ya gesi hupenya pembeni mwa ringi na kushuka tumboni mwa injini, yaani ile nafasi inayoizunguka kreki na kuishia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Gesi hiyo hubeba petroli ambayo haikuungua, tindikali na mvuke wa maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa ekzosi, lakini yale yanayoshuka chini ndiyo yanayogeuza oili kuwa matope.

Gesi hiyo hutolewa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vali ya PCV (kwa Kiingereza positive crankcase ventilation, yaani kupitisha hewa tumboni mwa injini), iliyochomekwa kwenye tapeti kava na kuunganishwa kwa mpira na manifoldi ya kuingizia hewa, mahali penye mvuto mkubwa kwa sababu pako baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na mkanyago wa mafuta). Njia ya pili ni mpira mwingine unaotoka kwenye tapeti kava hadi kwenye bomba la hewa lililo kati ya chujio na throto. Huo wa pili huingiza hewa safi kuchukua nafasi ya ile chafu iliyofyonzwa na vali.

Mkanyago unapofika chini kabisa, kwa mfano unapopanda mlima na mzigo, mvuto ndani ya manifoldi hupungua karibu kuisha, gesi nayo huongezeka, na mpira wa pili hugeuka kuwa njia ya kutokea. Ndiyo maana chujio la hewa lililolowa oili halipaswi kubadilishwa tu na kusahauliwa. Limepata oili hiyo kutoka tumboni, aidha kwa sababu vali imeziba na kila kitu kinalazimika kupita njia ya pili, au kwa sababu gesi imekuwa nyingi kuliko uwezo wa njia zote mbili.

Njia hizo zikiziba, presha hutafuta upenyo mwingine: sili ya mbele, sili ya nyuma, gasketi ya tapeti kava, hata tundu la kijiti cha kupimia oili.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kufungua chochote

- Vali mpya ya PCV ya injini yako hasa, pamoja na raba yake ya kukalia.
- Mpira mpya unaostahimili oili na petroli, wenye kipenyo cha ndani sawa na wa zamani. Pima ule wa zamani. Usikadirie kwa macho.
- Klipu mpya.
- Gasketi mpya ya tapeti kava, sili za mashimo ya plagi, na tyubu ndogo ya gasketi maka (gundi ya kuzibia) inayostahimili oili.
- Kabureta klina ya kopo, mafuta ya taa lita mbili, brashi laini na vitambaa visivyotoa nyuzi.
- Mpira mwangavu wa mita tatu, unaobana vizuri kwenye bomba la kijiti cha oili, na ubao wa kuufungia.
- Spana za kawaida, bisibisi, plaizi, na geji ya kompresheni (ya kupimia presha ndani ya silinda), ambayo unaweza kuiazima.
- Oili mpya na filta.

Kuhusu vali, nasisitiza kwamba isiwe ya kufananishwa. Ndani yake kuna springi na tundu vilivyopimwa kwa injini fulani. Vali mbili zinaweza kufanana kama mapacha juu ya kaunta ya duka la spea, moja ikapitisha hewa maradufu ya nyingine, na ukaondoka na gari linalonguruma ovyo bila kujua ulipokosea. Nenda na namba ya injini, si na kumbukumbu.

## Tahadhari

Baadhi ya vipimo hufanywa injini ikiwaka. Vifanye nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksaidi inayoua bila harufu. Vua shanga, tai, mtandio na saa ya mkononi, na uweke mikono mbali na feni na mikanda; katika magari mengi feni ya umeme huweza kujiwasha yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kazi za kusafisha zifanyike injini ikiwa imepoa, na pasiwe na sigara wala jiko karibu na petroli, mafuta ya taa au kabureta klina.

Injini ya dizeli usiitibu kwa mwongozo huu. Nyingi za zamani hazina mvuto katika manifoldi kama za petroli, na oili ikiingia kwa wingi kwenye njia ya hewa ya dizeli, injini inaweza kuichoma kama mafuta na kupandisha mizunguko hata baada ya ufunguo kuzimwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha oili haijazidi

Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kumi, kisha pima. Oili iliyopita alama ya juu hupigwa na kreki, hutoa povu, na dalili zake hufanana na za presha. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takribani lita moja. Kwa hiyo aliyeongeza lita nzima "kwa usalama" wakati oili ilikuwa katikati ameizidisha. Ipunguze kwanza, uendeshe gari siku mbili, ndipo uendelee.

Nusa pia kile kijiti. Kikinuka petroli waziwazi, huenda injini inapewa mafuta mengi mno, na mvuke wa petroli hiyo huongeza gesi tumboni. Tatizo hilo litatuliwe sambamba na haya.

## Hatua ya 2: Pima presha kabla ya kugusa kitu

Wengi huruka hatua hii, halafu hawawezi kusema kama kazi yao imesaidia. Kufungua kifuniko cha oili na kutazama moshi hakutoshi. Injini nzima pia hutoa mvuke kidogo ikiwa ya moto, na nimewaona watu wakiuziwa ovahoo (kufungua na kutengeneza injini upya) kwa sababu ya ule mvuke peke yake.

Endesha gari kwa dakika kumi na tano ili injini ipate joto lake. Liache kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta. Ondoa kifuniko cha oili kwa uangalifu, weka kipande cha karatasi ya daftari juu ya tundu na usubiri dakika moja. Karatasi ikivutwa na kukaa, mfumo unafyonza. Ikirukaruka au kusukumwa juu, kuna presha. Injini za familia ya A hazirushi oili nyingi kifuniko kikiwa wazi, lakini nyingine hurusha, kwa hiyo usiinamishe uso juu ya tundu.

Kipimo cha uhakika ni cha maji. Funga ule mpira mwangavu kwenye ubao uwe na umbo la herufi U, kila mkono uwe na urefu wa angalau sentimita 60, kisha umimine maji yaliyotiwa rangi hadi nusu. Zima injini, chomoa kijiti cha oili, na uunganishe ncha moja ya mpira na bomba lake. Ncha nyingine iache wazi. Kabla ya kuwasha, hakikisha ule mpira wa pili wa hewa safi umeunganishwa na haujazibwa. Ukiwa umezibwa na vali inafyonza kwa nguvu, maji yanaweza kuvutwa hadi ndani ya injini. Kwa sababu hiyo mtu mmoja awashe gari na mwingine ashike mpira, tayari kuuchomoa.

Sasa soma. Maji yakipanda katika mkono wa upande wa injini, hata kwa sentimita 1 au 2, tumbo linafyonzwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Yakipanda upande ulio wazi, injini inasukuma. Kila sentimita 1 ya tofauti kati ya mikono miwili ni takribani paskali 98. Hiyo ni presha ndogo sana kwa tairi, lakini sili ya kreki inaposukumwa hivyo saa baada ya saa haihitaji zaidi. Pandisha mizunguko hadi 2,500 kwa dakika, ushikilie kwa sekunde ishirini, usome tena. Andika namba zote mbili pamoja na tarehe.

Tazama pia jinsi maji yanavyocheza. Mtetemo mdogo ni wa kawaida. Maji yakiruka kwa mapigo makubwa yenye mpangilio, shuku silinda moja inayopitisha gesi kuliko wenzake, na uiweke shaka hiyo akilini hadi Hatua ya 8.

## Hatua ya 3: Chomoa mipira na uikague ndani

Injini ikipoa, fuata mpira kutoka kwenye vali hadi kwenye manifoldi, kisha ule wa pili kutoka kwenye tapeti kava hadi kwenye bomba la hewa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa. Mpira wa miaka ishirini huwa umekauka na kushikana na chuma. Usiuvute kwa nguvu, kwani mdomo wa plastiki au wa chuma chembamba huvunjika na kukuongezea kazi. Uzungushe kwanza kwa mkono, na ukikataa upasue kwa kisu upande usiokuna chuma. Utanunua mwingine hata hivyo.

Uminye kati ya vidole. Mpira ulio laini kama ndizi iliyoiva sana hujikunja na kujiziba wenyewe ukivutwa na manifoldi, ingawa ukiuangalia gari likiwa limezimwa unaonekana mzima. Hitilafu hii ndiyo inayowachosha mafundi, kwa sababu vali ni nzima, njia ni safi, na bado presha ipo. Mpira wa bustani na ule wa gesi ya kupikia huleta hitilafu hiyohiyo ndani ya wiki chache, kwa kuwa haukutengenezwa kukutana na mvuke wa oili yenye joto.

Angalia kwa makini sehemu zenye kona. Matope hujikusanya hapo. Mpira wenye nyufa, laini kupita kiasi, au mgumu kama kuni haustahili kusafishwa, utupe.

## Hatua ya 4: Vali yenyewe

Katika injini za familia ya A vali imechomekwa tu kwenye raba, nawe unaitoa kwa kuizungusha huku ukiivuta. Katika baadhi ya injini nyingine imefungwa kwa nyuzi zake na inahitaji spana. Raba ikivunjika vipande, hakikisha hakuna kilichoangukia ndani.

Wengi huitikisa, wakisikia inalia kachakacha huihesabu nzima. Mlio huo unaonyesha tu kwamba kijipini cha ndani hakijaganda. Hausemi chochote kuhusu springi iliyolegea. Chomeka kipande cha mpira safi kwenye vali na upulize kwa mdomo. Ukipuliza kutoka upande wa tapeti kava, hewa ipite kwa urahisi. Ukipuliza kutoka upande wa manifoldi, ipite kwa shida sana. Usiivute hewa kwa mdomo hata kidogo, maana ndani kuna mabaki ya petroli na oili yenye tindikali.

Vali inaweza kusafishwa kwa kabureta klina, nami sitamkataza mtu aliye safarini, mbali na duka. Lakini ukiwa nyumbani, nunua mpya. Iliyosafishwa hufanya kazi wiki mbili tatu, kisha uchafu uliolainika huishika tena.

## Hatua ya 5: Tundu la manifoldi

Vali mpya iliyounganishwa na tundu lililoziba ni sawa na hakuna. Chungulia kwa tochi mdomo wa manifoldi unakoingia mpira. Mara nyingi kuna kaboni ngumu iliyopunguza tundu hadi robo yake. Ikwangue taratibu kwa waya ulioviringishwa kitambaa kwenye ncha, ukipulizia kabureta klina kidogo kidogo. Usimwagie kopo zima. Kimiminika kikijaa silinda, pistoni haiwezi kukigandamiza, na kondroo (chuma kinachounganisha pistoni na kreki) huweza kupinda utakapowasha.

Ili kuhakikisha, chomeka mpira mpya na vali mpya, acha vali nje ya tapeti kava, kisha washa injini. Utasikia sauti ya kufyonza, na ukiziba mdomo wa vali kwa kidole gumba kidole kitavutwa wazi, huku mngurumo ukishuka kidogo. Usipohisi mvuto wowote, bado kuna kizuizi mbele yako.

## Hatua ya 6: Fungua tapeti kava

Ikiwa matope yalikuwa mengi katika mipira, hatua hii haikwepeki. Chini ya tapeti kava kuna sahani ya bati inayotenganisha matone ya oili na gesi kabla gesi haijafika kwenye vali. Sahani hiyo ikijaa matope, gesi hushindwa kupita, au hupita ikiwa imebeba oili nyingi, na gari huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu ilhali ringi hazina tatizo.

Safisha kwanza juu ya injini kwa brashi, kwa sababu mchanga ulioko kando ya kava utaangukia kwenye kemshafti (shafti inayofungua vali za silinda). Chomoa waya za plagi na uziwekee alama, fungua nati za juu zenye washa za mpira, kisha inua kava wima. Likishikilia, ligonge pembeni kwa kipini cha mbao. Usiingize bisibisi kwenye uso wa kukutania.

Funika kemshafti mara moja kwa kitambaa safi. Sahani ya ndani mara nyingi haifunguki, kwa hiyo loweka kava zima ndani ya beseni la mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi litikise, lisuuze kwa mafuta ya taa mapya, na upulize kwa kompresa kupitia mdomo wa vali na mdomo wa hewa safi. Rudia mpaka mafuta ya taa unayomimina mdomo mmoja yatoke chini kwa kasi na yakiwa safi. Kwangu mimi yalianza kutoka yakiwa meusi kama kahawa ya kahawani, na ilinichukua mara nne.

Likaushe kabisa. Tandika gasketi mpya kavu, weka tone dogo la gasketi maka kwenye zile kona ambamo vishikio vya kemshafti vinakutana na uso wa silinda hedi, na si mahali pengine. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mkono mwepesi na kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Anayekaza kama anakaza nati za tairi hupinda kava, na kuvuja kwake kutamfanya aamini presha haijaisha.

Dawa za kuosha injini kwa ndani mimi siziungi mkono kwa injini yenye matope mengi. Hubandua mabonge makubwa kwa pamoja, nayo hushuka hadi kwenye chujio la sampu na kuziba njia ya pampu ya oili. Badilisha oili na filta sasa, endesha kilomita 500, kisha ubadilishe tena. Ni gharama, lakini matope huondoka taratibu yakiwa yameyeyuka.

Baada ya kufunga kila kitu, rudia kipimo cha maji cha Hatua ya 2. Kazi imefanikiwa ikiwa maji yanapanda upande wa injini kwenye sailensa, na kwenye mizunguko 2,500 yamebaki hapo au yako sawa pande zote mbili. Sailensa nayo itulie, isiwe juu kuliko mwanzo. Ikiwa juu, kuna klipu au raba inayoingiza hewa ya wizi. Baada ya wiki mbili, fungua bomba la hewa ukague: liwe kavu.

Ukiishi Mbeya, Njombe au Limuru, ambako asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kweli, unaweza kuona uji mweupe chini ya kifuniko cha oili hata mfumo ukiwa mzima, hasa kama gari linakwenda kilomita mbili tu na kuzimwa. Huo ni mvuke ulioganda. Endesha gari nusu saa mfululizo, ukague tena. Ukipotea, usihangaike. Ukiendelea, na maji ya rejeta yanapungua, kagua gasketi ya silinda hedi.

## Hatua ya 7: Chombo cha kunasa oili, pale tu panapohitajika

Katika magereji mengi dawa ya presha ni kuchomoa mpira, kuziba manifoldi kwa bolti, na kuuning'iniza mpira chini au kuutumbukiza kwenye chupa ya soda iliyofungwa kwa waya. Gari huacha kutoa moshi kwa muda, na mteja huondoka ameridhika. Lakini tumbo la injini sasa halifyonzwi. Gesi inatoka pale tu inaposukumwa, hivyo mvuke na tindikali hubaki ndani vikipika oili. Injini ikipoa, hewa hurudi ndani kwa mpira huohuo, na kwenye barabara ya vumbi unajua inarudi na nini.

Injini iliyochoka kidogo, ambayo bado inafyonza lakini inatuma oili nyingi kwenye manifoldi, inaweza kusaidiwa kwa chombo kilichofungwa kabisa, kinachokaa kati ya vali na manifoldi. Tumia kopo la chuma la nusu lita hadi lita moja, lenye midomo miwili ya kipenyo sawa na mipira yako. Mdomo wa kuingilia uwe na kibomba kinachoshuka hadi katikati ya kopo; wa kutokea uwe juu kabisa. Kati yake jaza sufi ya chuma kisichopata kutu. Ile ya kuoshea sufuria ambayo hupata kutu isitumike, kwani vipande vyake hukatika na kuelekea moja kwa moja kwenye silinda.

Vali ya PCV ibaki mahali pake. Kopo likae mahali penye ubaridi, mbali na ekzosi na betri, na lisivuje hata kidogo. Chujio dogo la petroli halifai kuwa mbadala: karatasi yake hulowa oili ndani ya siku chache, huziba, na unarudi ulikoanzia.

Mwaga kilichomo kila kilomita 1,000 mwanzoni, uandike kiasi chake. Ni mchanganyiko wa oili, maji na petroli, unaowaka kwa urahisi na wenye tindikali. Uhifadhi kwenye dumu na upeleke pamoja na oili chafu, usiumwage mtaroni wala kuurudisha kwenye injini.

## Hatua ya 8: Presha ikibaki, pima kompresheni

Umefanya yote haya na maji bado yanapanda upande ulio wazi. Sasa ndipo ringi zinapostahili kushukiwa.

Injini ikiwa ya moto na betri imejaa, toa plagi zote, zima mfumo wa mafuta na wa cheche kwa kuchomoa fyuzi zake, mwambie msaidizi akanyage mafuta hadi chini, kisha apige stata mpaka mshale wa geji usipande tena. Fanya hivyo kwa kila silinda. Injini nzima ya familia ya A husoma karibu na bar 13, na chini ya 10 ni dalili mbaya, kama uko usawa wa bahari. Mbeya, kwenye mita takribani 1,700, hewa ina karibu asilimia 18 pungufu ya presha, kwa hiyo injini ileile nzima itasoma karibu na bar 10.7. Fundi anayesahau hili huhukumu injini zisizo na kosa za watu wa milimani. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo ya kutazama kwanza: ikizidi bar 1, kuna silinda yenye tatizo.

Kwa silinda iliyosoma chini, mimina kijiko kimoja cha chakula cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda wazi, uvujaji uko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, tafuta kwenye vali za silinda au gasketi ya hedi.

Namba zikiwa sawa kwa silinda zote na zimeshuka kidogo tu, gari linaweza kuendelea kufanya kazi kwa muda likiwa na kile chombo cha Hatua ya 7, mradi uangalie oili kila wiki. Silinda moja ikiwa imeanguka peke yake, usisubiri. Huenda ringi imevunjika, na kila siku inakwangua ukuta. Injini itakapofunguliwa, mwambie fundi aweke kila ringi mpya ndani ya silinda peke yake na apime mwanya wa ncha zake kwa fila geji (bapa nyembamba za kupimia mwanya) mbele yako kabla ya kuivalisha pistoni.

Sili ya nyuma ya kreki ibadilishwe siku hiyo. Kama injini haikuhitaji kufunguliwa, iache sili mahali pake kwa kilomita 1,000 baada ya presha kuondoka, ufute eneo lote kwa petroli na uweke kadibodi safi chini ya gari usiku. Sili iliyokuwa ikisukumwa tu huacha kuvuja yenyewe. Iliyokwisha kukakamaa itaendelea kudondosha, na hapo ndipo kushusha giaboksi kunapokuwa na maana.